Unguja au Dar: mji upi wa kuutembea kwa miguu ukifuata muziki?

Swali hili huulizwa na watu wa aina moja. Mtu ana siku mbili tatu za mapumziko, ana viatu vizuri, anapenda muziki wa kwetu kuliko kulala ufukweni, na hataki kuongozwa na mtu anayemhesabia dakika. Mbele yake kuna miji miwili iliyotenganishwa na saa mbili hivi za boti. Unguja ina taarab na majumba ya mawe. Dar es Salaam ina dansi, taarab ya kisasa, singeli na foleni. Autembee upi?

Natoa jibu mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nalo. Kama wewe ni mtu wa kutembea mchana na unataka kuona kwa macho mahali muziki ulipolelewa, nenda Unguja. Kama unataka kusikia watu wakipiga, nawe usimame ucheze, na haikusumbui kutazama kuta zilizochakaa zisizo na maelezo yoyote, baki Dar. Jibu hilo lina mashimo, na mengi yanatokana na jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui: nani alikuwa mwenye vyombo.

Chama na mwajiri

Masimulizi ya taarab ya Unguja humtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwamba alileta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, chombo cha nyuzi nyingi. Hiyo ilikuwa burudani ya ndani ya jumba. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa, wakawa na vyombo vyao na mafundi wao. Chama hicho kipo hadi leo, na wenyewe Unguja hukiita Malindi tu, kama unavyotaja timu ya mpira. Culture Musical Club nayo ilianza 1958 katika vuguvugu la vijana wa Afro-Shirazi, na makao yake yako Vuga. Chama kina wanachama, nyumba, kabati la vyombo na siku za mazoezi. Wazee wakifa, vijana hurithi viti. Kwa anayetembea peke yake maana yake ni kwamba upo mlango wa kubisha hodi.

Dar nako kulianza hivyohivyo. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930, na miaka ya 1960 akina Kilwa Jazz na Western Jazz walikuwa wakigombea kumbi za mji. Kisha baada ya uhuru bendi zikapata waajiri. Jumuiya ya wafanyakazi ikaunda NUTA Jazz mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake, vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wakawa na zao. Hata shirika la bima lilikuwa na bendi. Mpiga gitaa akawa mtumishi mwenye mshahara, na gitaa lilikuwa mali ya shirika. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Shirika liliposhindwa, bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. NUTA ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanasema Msondo Ngoma basi.

Mfumo ule uliwalisha wanamuziki na kutupa nyimbo ambazo bado hazijapata mpinzani. Lakini haukuacha majengo. Mwajiri alipoyumba, bendi ilihama ama ilikufa, na ukumbi ukageuzwa matumizi. Ndiyo maana ukiitembea Dar kutafuta muziki kwa macho utarudi umechoka bure. Wapigaji wa zamani wa Dar wako kwenye majina ya vituo vya daladala, kwenye spika za vinyozi, na kwenye ubishi wa wazee kuhusu Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, ubishi ambao kwa ukali unakaribia ule wa Simba na Yanga.

Njia ya Unguja

Ukishuka bandarini Malindi, usiingie teksi. Fuata Barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kulia kwako. Utapita jengo la zamani la Forodha, lililokuwa kwa miaka mingi makao ya Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofundisha udi, kanuni, fidla na ngoma kwa kizazi cha wapigaji unaowasikia leo kwenye majukwaa ya mjini. Kabla ya kwenda kuwasikiliza, uliza kwanza ratiba na mahali wanapofanyia maonyesho msimu huo.

Mbele kidogo ni Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo tosheka kulitazama ukiwa nje. Hata hivyo simama hapo dakika chache. Eneo hili la majumba ndipo muziki ule wa Kimisri ulipoanza kusikika kabla haujatoka kwenda mitaani. Ng'ambo ya barabara ni bustani ya Forodhani, ambayo ilipewa jina la Jubilee mwaka 1936 kwa heshima ya Sultani Khalifa na ina kibanda cha bendi ya matarumbeta. Watalii hupiga picha za pweza na juisi ya miwa, wakikipita kibanda hicho kama hakipo.

Kisha Ngome Kongwe. Ndani kuna uwanja wa ngazi za mviringo, na hapa ndipo tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika karibu kila Februari tangu 2004. Siku zisizo na tamasha ngome ni kimya, ina maduka ya vinyago na paka wengi. Ukiwa na bahati utakuta jukwaa linafungwa na kikundi kinajaribu sauti. Kaa, hakuna atakayekufukuza.

Shangani, katika Barabara ya Kenyatta, kuna makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi, akapelekwa shule India akiwa mdogo, na familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Maoni yangu ni haya: kama ulikua ukisikiliza Queen, ingia, utafurahi. Kama hukukua nayo, kiingilio hicho kitakufaa zaidi kwenye onyesho la taarab jioni, kwa sababu nyumba hiyo inakueleza habari za London kuliko za Unguja.

Kutoka Shangani panda hadi Vuga. Hapa kuna mambo mawili yanayohusiana. La kwanza ni jengo la sinema ya Majestic. Filamu za Kimisri na Kihindi zilizoonyeshwa mjini zilikuwa shule ya watunzi. Mtu alitoka sinema na tuni kichwani, akaitungia maneno ya Kiswahili, na wiki iliyofuata ikapigwa harusini. La pili ni nyumba ya Culture. Mchana utakuta mlango umefungwa ama mzee mmoja akitengeneza uzi wa fidla. Jioni ndiyo saa yake. Mgeni anayekuja mazoezini hupokelewa vizuri akiingia na salamu, akavua viatu panapovuliwa, akakaa pembeni na kutulia. "Assalamu alaykum" itafungua mlango haraka kuliko "mambo". Kwa mzee wa Kiunguja, "chei-chei" itamfanya atabasamu. Usianze na simu mkononi. Sikiliza nyimbo mbili, kisha uombe ruhusa ya kurekodi. Ukijibiwa "bado kidogo, mwanangu", hiyo ni hapana.

Baada ya hapo potea. Nasema kwa makusudi, kwa kuwa ramani ya simu huchanganyikiwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na mshale hurukaruka kutoka paa hadi paa. Hakuna hasara. Mji Mkongwe wote unavukwa kwa miguu katika dakika 20 au 30, na ukienda mbele tu, mwisho utatokea baharini au Darajani. Mahali pa kupumzika ni Jaws Corner, Sokomuhogo, kwenye baraza za kahawa. Kikombe kimoja, kashata moja, na wanaume wanaobishana siasa na mpira kwa sauti ya juu. Ukiuliza nani aliyeimba vizuri zaidi Malindi, utapewa majina matano na ugomvi mmoja.

Watalii wengi huishia hapo, na nadhani ndipo wanapokosea. Mji Mkongwe ni nusu ya habari. Vuka Darajani uingie Ng'ambo, upande uliokuwa umetengwa na hori kabla halijafukiwa. Huku ndiko alikoishi Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaja mjini akiuza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, miongoni mwa watu wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye gramafoni. Alipoitwa kwenye majumba ya wakubwa aliimba, lakini nyumbani kwake Ng'ambo ndiko majirani walikokusanyika usiku kusikia nyimbo za masengenyo ya mtaa na za mahakama za kikoloni zilizowaonea wanyonge. Ni yeye aliyeifanya taarab iongee Kiswahili cha uswahilini. Alifariki mwaka 1950.

Ng'ambo haina vibao vya watalii. Utapita Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, kisha Rahaleo, palipokuwa na redio iliyotekwa alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964. Huku taarab hupigwa kwa sura nyingine iitwayo kidumbak: fidla moja, besi ya sanduku, ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa na sauti ya kukwaruza, na wanawake wanaokata viuno bila kumjali mtu. Ukisikia kidumbak kichochoroni Jumamosi jioni, ni harusi ya mtu. Simama mbali, subiri. Mara nyingi bi mkubwa mmoja atakuita: "Mbona wasimama huko, mwanangu? Njoo ukae." Usipoitwa, endelea na safari.

Njia ya Dar

Dar inahitaji akili nyingine. Anza jioni, jua likishapoa, Kivukoni. Ukitembea polepole kupita Kanisa la Azania Front na Mnara wa Askari, nusu saa hivi itakufikisha Mnazi Mmoja. Katikati ya safari hii hakuna kitu cha muziki, na sitajifanya kipo. Furahia upepo wa bahari.

Mambo huanza kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi wanamjua Bibi Titi kama mwanasiasa aliyewaingiza wanawake TANU. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma, na kwamba aliwapata wanawake wale kwa kupitia vikundi vya ngoma vya mjini, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wamejipanga tayari. Ndiyo barabara pekee kubwa ya Dar ninayoweza kuitembea nikijua kwamba jina lake ni la mtu aliyejua kuongoza kiitikio.

Pembeni yake ni bustani ya Mnazi Mmoja na ukumbi wa Anatoglo. Ukumbi huo ulijengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mgiriki, George Arnautoglu, na katika miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa mahali pa dansi na pa mikutano. Suti na viatu vya ngozi vilivaliwa hapa. Jengo ni la kawaida kabisa. Litazame, vuka Mtaa wa Lumumba, uingie Kariakoo.

Kariakoo usitafute jengo. Tembea Mtaa wa Uhuru, katiza Msimbazi, zunguka Sikukuu na Swahili, usikilize. Katika hatua 100 utasikia singeli kwenye duka la simu, kaswida kwenye duka la vitabu, rumba ya Kikongo kwenye kinyozi, na tangazo la sufuria lililopigiwa mdundo wa Bongo Fleva. Huu ni mtaa uliomlea Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyeimba na Safari Trippers na Dar International na kufariki mwaka 1995. DDC Kariakoo ndiyo iliyokuwa ngome ya Mlimani Park, wale wanaoitwa Sikinde Ngoma ya Ukae. Muulize mzee yeyote muuza kahawa, uanze na shikamoo: "Mzee, Sikinde walikuwa wanapiga wapi?" Atakuonyesha kwa kidole, kisha atakuonyesha mahali alipokuwa amekaa yeye, amevaa nini, na nani alimkimbia usiku ule. Makumbusho ya Dar ndiyo hayo.

Ukiendelea na Uhuru unafika Ilala, Amana. Kutoka Mnazi Mmoja ni chini kidogo ya saa moja. Hapa ndipo palipojulikana kwa miaka mingi kama ngome ya Msondo. Ukifika saa moja usiku utakuta viti vya plastiki vimepangwa na mtu anajaribu maikrofoni. Muziki wenyewe hauanzi kabla ya saa tatu, na utamu wake hauji kabla ya saa tano. Anayetoka mapema akasema dansi limekufa hajaliona. Kama hujawahi kusikia magitaa matatu yakijibizana huku matarumbeta yakikata katikati, na waimbaji wanne wamesimama mstari mmoja wakicheza hatua zilezile walizocheza miaka 30 iliyopita, kaa hadi chemko, pale wimbo unapochangamka. Watazamaji watapanda jukwaani kutunza: noti inawekwa kwenye paji la uso la mwimbaji ama mfukoni. Nawe ukiguswa, tunza.

Dar ina njia nyingine mbili, na hizi si za kutembea kwa miguu pekee. Mwendokasi, mabasi yaliyoanza 2016, hupita Barabara ya Morogoro, na ukipanda Kivukoni unaweza kushuka Magomeni kwa taarab ya kisasa, kisha Manzese, na baadaye Shekilango, ambapo bajaji itakupeleka Sinza kituo cha Kwa Remmy. Kituo hicho kimebeba jina la Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, aliyekuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akaja kutamba na Super Matimila na kufariki Desemba 2010. Makondakta wanaoliita jina lake siku nzima, wengi wao, hawakuwahi kumsikia akiimba. Lakini wanaliita.

Manzese, Tandale na Mburahati ni nchi ya singeli. Muziki huu hukimbia mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, na mwaka 2017 mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukawafikisha vijana wale kwenye matamasha ya Ulaya. Mchana unaweza kutembea barabara kubwa na kusikia kila kitu unachotaka. Usiku, kwenye vigodoro, nenda na mwenyeji au usiende. Sisemi hivyo kwa kuwadharau watu wa huko. Vigodoro ni sherehe ya mtaa, ina wenyewe, na mgeni asiyejulikana amekuja na nani huwapa watu kazi ya kumlinda.

Kutembea peke yako

Kero ya Unguja ni papasi, vijana wanaokufuata wakikupa safari za Kisiwa cha Changuu, viungo, pomboo, na kaka yao mwenye duka. Wajibu kwa Kiswahili, kwa utani, usisimame. Ukiwajibu kwa Kiingereza umekwisha. Kero ya Dar ni barabara yenyewe: bodaboda zinazopanda njia ya miguu, mitaro isiyofunikwa, na joto linalotoka kwenye lami. Kariakoo weka simu mfuko wa mbele na usiitoe kando ya barabara; waporaji wa pikipiki hawana simile. Kwa hilo Unguja inashinda kwa mbali, kwani vichochoro vingi havipitiki na gari, na mtu anaweza kutembea ameinua macho.

Kwa mwanamke anayetembea peke yake sioni mshindi wa moja kwa moja. Unguja mchana ni rahisi sana akiwa amevaa kwa staha, mabega na magoti yamefunikwa, lakini baada ya saa nne usiku vichochoro huwa vitupu kabisa na ni afadhali kurudi na wenzake. Dar usiku, kwenye kumbi za dansi, atapata usumbufu wa maneno, ila ukumbi una watu wazima wengi, wanandoa, na mama wa makamo waliokuja kucheza. Kukaa karibu na jukwaa, upande wa meza za familia, husaidia kuliko kukaa kaunta.

Mwenye watoto au mzee asiyeweza kukesha, nenda Unguja. Hilo halina mjadala.

Msimu

Ramadhani, Unguja huwa kimya kimuziki. Vyama husimama, na kula hadharani mchana ni kukosa adabu. Usiende kwa ajili ya muziki mwezi huo. Lakini ukiweza kufika kwenye Idd utaikuta taarab katika siku zake kubwa, kumbi zimejaa na nguo mpya. Dar nayo hupungua Ramadhani, bendi nyingi hupumzika, ingawa kumbi huamka kwa kishindo Idd Mosi.

Februari kuna Sauti za Busara. Utasikia vikundi vya Afrika nzima kwa siku chache, na utalipia: vyumba hujaa, bei hupanda, na ni kilele cha kaskazi, jua kali lisilo na huruma. Kwa matembezi yenyewe, miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ni bora katika miji yote miwili. Masika, kati ya Machi na Mei, Mji Mkongwe huteleza na maji hujaa vichochoroni, lakini unatembeka kati ya mvua na mvua. Dar masika ni habari nyingine: bonde la Jangwani hufurika, mwendokasi husimama, na safari ya Magomeni inageuka msiba.

Siku za wiki zina maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Dar ni mji wa Ijumaa hadi Jumapili. Jumanne utatembea Uhuru nzima usikie spika tu. Unguja haina tabia hiyo. Mazoezi ya vyama huwa siku za kazi, na mazoezi, kwa mtembeaji, mara nyingi ni matamu kuliko onyesho la hoteli ambamo taarab hupigwa polepole ili wanaokula wasisumbuliwe.

Pesa

Mchana wa Unguja ni karibu bure, ukitoa kahawa na urojo. Gharama ni boti na kulala, na katika Mji Mkongwe kulala hakuna bei ya chini kama Dar. Dar, gesti za Kariakoo na Ilala ni nafuu, kiingilio cha dansi hakimtishi mtu, lakini weka akiba ya bajaji ya kurudi saa nane usiku. Kutembea kwa miguu saa hiyo usijaribu, hata kama ni mitaa miwili. Na mazoezini Unguja, ingawa hakuna kiingilio, kuacha mchango kwa chama ni uungwana.

Nani aende wapi

Mgeni kabisa wa muziki wa Pwani, anayejua jina la Siti au Bi Kidude na si zaidi, aanze Unguja. Mji utamfundisha kwa mpangilio, jumba hadi baraza, baraza hadi Ng'ambo, na hata asipobahatika kusikia onyesho ataondoka ameelewa kitu.

Aliyekulia kwenye nyimbo za RTD, redio ya taifa ya zamani, ambaye baba yake alikuwa akizima taa na kuacha redio, asijidanganye kwa majumba ya mawe. Aje Dar. Ataumia kuona kumbi zilivyo, kisha usiku ataona wanaume wa umri wa baba yake wakipanda jukwaani.

Mpenzi wa singeli na Bongo Fleva hana cha kutafuta Mji Mkongwe. Mpigaji wa chombo, hasa udi, fidla au akodioni, hana cha kutafuta Dar kwa wiki ya kwanza. Akae Vuga na Malindi, aombe kufundishwa. Mpiga picha aende Unguja asubuhi sana. Mtu anayependa kuzungumza na wazee, popote, ila wa Dar wana muda zaidi na wanatia chumvi zaidi.

Na kama una siku nne, usichague. Ila shika utaratibu huu: anza na Unguja, kwa mfano Jumatano na Alhamisi, siku za mazoezi na vichochoro visivyo na msongamano. Ijumaa rudi Dar kwa boti ya mchana, lala kidogo, kisha saa tatu usiku uwe Amana. Ukigeuza, ukaanza na Dar, utatoka ukumbini karibu na alfajiri, na boti ya asubuhi itaondoka umelala. Boti ya mwisho ya siku huondoka alasiri, si usiku. Tiketi haikatwi bila kitambulisho au pasipoti, na inunuliwe dirishani kwa kampuni yenyewe, si kwa kijana anayekukimbilia getini akikuita bosi.